Injini ya tabo iliyosukwa upya ikianza kulia: upime nini kabla ya kuishusha?

Hadi tunavuka daraja la Kikavu kila kitu kilikuwa shwari. Nilikuwa natoka Moshi kurudi Arusha na Subaru Impreza yangu yenye injini ya EJ20, injini ikiwa na kilomita 1,800 tangu isukwe upya, yaani ifunguliwe na kufungwa na vipuri vipya: pistoni za foji (zilizofuliwa badala ya kumiminwa), ringi mpya, beringi mpya, kranki imechongwa. Kwenye mlima ule wa kuelekea Boma Ng'ombe nikaweka gia ya nne, nikakanyaga, tabo (kile kisukuma hewa ya ziada ndani ya injini) ikajaza. Nilipoachia mafuta tu nikasikia kitu kama mtu anagonga kijiko ndani ya sufuria iliyofunikwa. Nikazima redio. Nikakanyaga tena, kimya. Nikaachia, kikarudi.

Asubuhi yake nilikuwa mtaa wa Unga Limited, Arusha, na kufika saa sita mchana nilishapewa ushauri wa aina tatu. Fundi wa kwanza: "Tupime kompresheni, bosi." Wa pili hakutaka hata kufungua boneti: "Hiyo shusha tu, kaka." Wa tatu, mzee ninayemheshimu sana kwa mambo ya giaboksi: "Mwanangu, weka oili nzito, itanyamaza." Na kweli ilinyamaza, kwa siku nne.

Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Tatizo ni kwamba kila kipimo kinaona upande wake wa injini na hakijui lolote la upande mwingine, na ukianza na kisicho chako unapata jibu sahihi la swali ambalo hukuuliza. Nimeviweka hapa vitano ninavyovijua kwa kuvitumia mwenyewe au kwa kusimama pembeni nikimshikia fundi tochi.

Ninavyovilinganisha

Cha kwanza ni sehemu gani ya injini kinaiona. Juu kuna silinda, ringi (zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda), valvu na gasketi ya hedi; chini kuna kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki), beringi na pampu ya oili. Cha pili, muda na vitu vinavyoliwa. Cha tatu, kinaweza kukudanganya wapi, hasa kwa injini iliyosukwa na kuongezewa nguvu, tena kwenye mwinuko wetu huu. Cha nne, kinamfaa nani. Bei sitaziandika kwa sababu kila gereji ina zake, na zinategemea pia umefika na gari gani na umevaa nini.

Geji ya kompresheni

Hii ipo karibu kila gereji, ndiyo maana inapewa hata kazi isiyo yake. Inaona juu tu: silinda inabana hewa kiasi gani pistoni inapopanda. Ringi zikiisha, valvu ikiungua, gasketi ikipasuka kati ya silinda mbili, namba inashuka.

Kwa injini ya boksa, ambayo silinda zake zimelala pande mbili kama hii ya Subaru, ni kazi ya nusu siku ukiwa hujazoea, kwani plagi zimetazama pembeni karibu na chesisi. Upande mmoja utoe betri, upande wa pili utoe boksi la filta ya hewa. Injini iwe ya moto, plagi zote nne zitoke, mafuta na moto wa koili vikatwe, mlango wa hewa uwe wazi kabisa, na stata izungushwe mpaka geji iache kupanda. Betri iwe na nguvu. Nimeona fundi akipima silinda ya kwanza na betri nzima na ya nne na betri iliyochoka, halafu akaihukumu silinda ya nne.

Inadanganya wapi? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wa Arusha wanaumizwa na namba za kitabu. Mji huu uko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Hewa ya hapa ina mgandamizo wa karibu asilimia 85 ya ule wa pwani, na geji ya kompresheni inabana hewa hiyo hiyo. Injini iliyosoma psi 150 (psi ni kipimo cha mgandamizo) Dar es Salaam itasoma karibu 127 ikifika Arusha bila chochote kuharibika. Moshi iko chini zaidi, kwenye mita 850 hivi, kwa hiyo injini hiyo hiyo itasoma kama 135. Nimeshuhudia mtu akiuziwa ringi mpya kwa sababu gari "limeshuka" psi 20, na kilichotokea ni kwamba gari limepanda mlima.

Juu ya hilo, injini iliyosukwa kwa ajili ya nguvu si ile ya kitabu. Kamu (shafti zinazofungua valvu) zenye muda mrefu hufunga valvu ya kuingizia hewa kwa kuchelewa, kwa hiyo injini ikizungushwa na stata sehemu ya hewa inarudishwa na namba inashuka. Pistoni za foji hufungwa na nafasi kubwa zaidi ukutani kwa sababu zinatanuka zaidi zikipata moto. Ukipima ya baridi utaona namba ya kutisha. Na kama uwiano wa mgandamizo ulibadilishwa wakati wa kusuka, kitabu hakina la kukuambia. Linganisha silinda kwa silinda: ile inayopungukiwa na wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ndiyo ya kuulizwa. Kulinganisha na namba zilizoandikwa siku injini ilipomaliza kulainika, yaani ringi zilipokaa, ni bora zaidi, kama fundi wako aliziandika. Wangu hakuandika.

Kuna pia ule ujanja wa kumimina kijiko kidogo cha oili kwenye silinda na kupima tena: namba ikipanda, tatizo ni ringi, isipopanda, tazama valvu au gasketi. Kwa injini kama 1JZ na 2JZ za Toyota au 4G63 ya Mitsubishi, ambazo silinda zake zimesimama, ujanja huu unasaidia. Kwa boksa silinda zimelala, oili inajikusanya upande wa chini na upande wa juu unabaki mkavu. Usijenge kesi juu yake.

Yangu ilisoma 128, 126, 130 na 127. "Injini nzima hii, bosi," fundi akasema, na kwa upande wa juu alikuwa sahihi kabisa.

Inamfaa mwenye gari linalomisi (silinda moja haichomi vizuri), lililopungua nguvu au linalowaka kwa shida, na yeyote anayetaka kianzio cha bei ndogo. Mwenye mlio wa kugonga haimsaidii.

Kipimo cha kuvuja hewa

Hiki ni ndugu mkubwa wa geji. Unapandisha pistoni mpaka juu kabisa kwenye mzunguko wa kubana, valvu zote zikiwa zimefunga, unapeleka hewa ya kampresa kupitia tundu la plagi, na geji mbili zinakuonyesha asilimia ngapi inapotea. Kinaona juu tu, kama mwenzake, ila kinakwambia na mahali. Hewa ikisikika kwenye bomba la kuingizia hewa, ni valvu ya kuingizia. Ikisikika kwenye ekzosi, ni ya kutolea. Ikipuliza kwenye mfuniko wa oili, inapita kwenye ringi au pistoni. Rejeta ikitoa mapovu, gasketi ya hedi au ufa.

Kinachukua muda zaidi, karibu siku nzima kwa asiye na haraka, na kinahitaji kampresa inayojaza vizuri. Si kila fundi anacho. Utaratibu wa kuipata pistoni juu kabisa unachosha, na ukikosea kidogo hewa inaisukuma injini izunguke yenyewe. Spana iliyoachwa kwenye bolti ya kranki itaruka.

Mafundi wengi husema chini ya asilimia 10 ni safi, hadi 20 unaishi nayo, zaidi ya hapo tafuta sababu. Mwinuko hauisumbui sana kwa kuwa hewa inatoka kwenye kampresa na unasoma asilimia. Kinachosumbua ni umri wa injini. Ikiwa na kilomita 300 tu, ringi bado hazijakaa, na silinda zote zinaweza kuvuja sawa sawa, tuseme 18, 17, 19, 18. Hapo hakuna kilichovunjika; endelea kuilainisha, na usiilee kama yai, kwani ringi zinahitaji mzigo ili zikae. Ila ukisoma 7, 8, 31, 7, silinda ya tatu ina habari yake.

Chalii mmoja wa Moshi, jirani wa zamani, alikuwa na Forester ya tabo yenye injini ya 2.5. Filta yake ya oili safi kama imetoka dukani, haina mlio wowote, ila inapumua moshi kwenye mfuniko wa oili na inakula oili. Kompresheni ya silinda ya nne ilikuwa chini kidogo, ile ambayo mtu angeisamehe. Kipimo cha kuvuja kikasoma mara tatu ya wenzake, na hewa yote ikatokea kwenye mfuniko. Ilipofunguliwa, kingo ya pistoni kati ya ringi ya kwanza na ya pili ilikuwa imekatika kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole kidogo. Injini zile zinajulikana kwa ugonjwa huo, hasa zikiongezewa presha ya tabo bila kupangiwa mafuta upya.

Kinamfaa mwenye moshi, ulaji wa oili au maji yanayopungua, na aliye tayari kulipia muda ili asishushe injini kwa kubahatisha.

Filta ya oili na geji ya presha

Nimeviunganisha kwa sababu vyote vinachungulia chini, kule ambako vile viwili vya kwanza havifiki.

Filta unaipasua. Tumia kikata filta, kile kinachozunguka kama cha kukatia bomba. Ukitumia msumeno wa chuma utaingiza vumbi la msumeno wenyewe halafu ulie kwa hasara isiyo yako. Toa karatasi, ikate, ibane kwenye jiliwa oili itoke, kisha ikunjue juani kama unavyokunjua khanga kuona jina lake. Pitisha sumaku. Kinachonata ni chuma: ringi, ukuta wa silinda, kamu, kranki. Kisichonata na kina rangi ya shaba kinatoka mara nyingi kwenye tabaka la ndani la beringi. Cha kijivu kinachong'aa ni aluminiamu, na hapo uwe mwangalifu, kwa sababu inaweza kuwa pistoni na inaweza pia kuwa beringi; beringi nyingi za kisasa zina aluminiamu.

Geji ya presha unaifunga mahali pa swichi ya oili, unaendesha mpaka oili iwe ya moto kweli, unasoma. Kanuni ya mafundi wa injini za nguvu ni karibu psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Taa ya dashibodi usiitegemee. Ikiwaka, presha imeshakaribia sifuri na kilio kimeshaanza.

Muda ni saa moja au mbili, na kinacholiwa ni filta mpya na lita nne na kidogo za oili.

Udanganyifu upo wa aina mbili. Injini mpya lazima itoe vumbi la chuma katika filta ya kwanza, pamoja na mabaki ya kazi: chembe za honi (kazi ya kukwaruza ukuta wa silinda ili ringi zikae), vipande vya silikoni ya gasketi. Usiogope filta ya kwanza, hofu iwe ya pili na ya tatu. Kama inayofuata ina chembe nyingi kuliko iliyotangulia, kitu kinaliwa. (Silikoni yenyewe si ya kudharau, ikienda kuziba chujio la kunyonyea oili kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, beringi zinakauka huku pampu ni nzima.) Udanganyifu wa pili ni oili nzito. Ukiweka 20W-50 kwenye injini iliyopangiwa nyepesi, presha inapanda, mlio unafifia, na beringi inaendelea kufa kimya kimya. Mzee wangu wa giaboksi hakuwa na nia mbaya, ila zile siku nne zilinigharimu.

Niliipasua filta siku ya tano, kibarazani nyumbani Njiro, juu ya gazeti. Kwenye mikunjo ya karatasi kulikuwa na vipande vyembamba vya shaba, kama pambo la kadi ya harusi. Sumaku haikuvigusa.

Sikio nalo lina kazi hapa. Pistoni za foji hugonga ukutani asubuhi injini ikiwa baridi, na hunyamaza ikipata moto. Huo ni mlio wa kawaida. Beringi ya konrodi hufanya kinyume, oili ikishakuwa nyepesi kwa moto ndipo inaongea zaidi. Ukichomoa waya wa koili au nozeli silinda moja moja, na mlio ukapungua sana kwenye moja, umeshapata mtaa, bado nyumba tu. Fanya hivyo kwa sekunde chache, injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta.

Inamfaa mwenye mlio, mwenye presha inayoshuka na yeyote aliyesuka injini hivi karibuni. Huyu wa mwisho aifanye hata bila dalili.

Kamera ya kuchungulia

Siku hizi inachomekwa kwenye simu. Yenye kichwa cha milimita 5.5 hupita kwenye tundu la plagi bila shida, na dakika chache kwa kila silinda zinatosha baada ya plagi kutoka, kwa hiyo ukishafungua kwa ajili ya kompresheni ni dhambi kutochungulia. Unaona ukuta wa silinda na uso wa pistoni. Injini mpya iwe bado na mistari ya honi iliyopishana kama ukili wa mkeka; michirizi inayofuata mwendo wa pistoni ni mkwaruzo. Uso wa pistoni wenye vishimo vidogo kama uliopigwa na mchanga unasimulia mlipuko usio wa wakati wake. Alama ya nusu mwezi ni valvu iliyogusa. Pistoni moja iliyooshwa ikang'aa kati ya zilizo nyeusi ni maji.

Haioni ringi, haioni kingo zake, haioni beringi hata moja. Picha inakuza mambo: mkwaruzo ambao kucha haiwezi kuuhisi unaonekana kama mtaro wa Sombetini wakati wa masika. Na kwa boksa iliyolala usiku, oili iliyojikusanya chini ya silinda ni ya kawaida. Inamfaa sana mnunuzi, na mwenye gari linalokula vumbi la barabara zetu na filta ya hewa ya wazi.

Kuishusha na kuifungua

Huu ndio ukweli mtupu: kila kitu kinaonekana na kinapimwa kwa maikromita. Na kila kitu kinaliwa: gasketi, sili, bolti zinazovutika zikikazwa, oili, maji, na siku zako kuanzia tatu. Upotofu wake ni kwamba ushahidi unaweza kufutwa na mikono yenye haraka. Vifuniko vya beringi vikichanganywa, au sampu ikioshwa kabla hujaitazama, umelipa gharama yote na hujui chanzo. Piga picha kila hatua.

Aina ya injini inabadilisha hesabu. Ya silinda zilizosimama unaweza kushusha sampu gari likiwa juu, wakati mwingine na krosimemba (boriti iliyo chini ya injini), ukafungua kifuniko kimoja cha konrodi ukaona beringi bila kugusa hedi. Boksa haina mlango huo. Ili uione beringi ya konrodi ni lazima bloki igawanywe mara mbili, na kabla ya hapo hedi zote mbili zitoke. Ndiyo maana mwenye Subaru ana sababu zaidi ya kupasua filta kwanza.

Yangu iligawanywa. Beringi ya konrodi ya silinda ya tatu ilikuwa imeliwa mpaka shaba. Kwenye njia za oili za kranki fundi alitoa chembe za kuchongea kwa waya mwembamba: waliochonga kranki hawakuziosha, na waliofunga injini hawakuuliza.

Sasa wewe uko wapi?

Gari linavuta moshi au linakula oili, halina mlio: anza na kipimo cha kuvuja, ongeza kamera kwa kuwa plagi zimeshatoka. Usipopata fundi mwenye kipimo, geji ya kompresheni itakusogeza, mradi ulinganishe silinda kwa silinda na usahau namba za pwani.

Linamisi au limepungua nguvu tu: kompresheni, baada ya plagi na koili kuhakikishwa. Nusu ya injini zinazosemwa zimekufa zina koili mbovu. Huo ni uzoefu wangu, si hesabu ya mtu.

Umetoka kusuka wiki hii na hakuna tatizo: filta ya kwanza ipasue, ya pili ipasue, na zilinganishe. Mwambie fundi aandike kompresheni na uvujaji wa kila silinda kwenye karatasi, pamoja na mji alikopimia.

Unanunua ya mtu, anasema imesukwa na risiti zimepotea: omba injini uikute baridi, isikilize ikiwaka, kisha kamera na kompresheni. Ukikuta oili nzito ya kutosha kushika kijiko, uliza kwa nini.

Una mlio unaozidi injini ikipata moto, na filta ina shaba: hapo hakuna cha kulinganisha tena, inashuka. Usiiwashe hata mara moja zaidi ili fulani naye asikie, itafutie gari la kuvuta. Mimi niliiendesha kutoka Njiro hadi Unga Limited na filta iliyopasuliwa ikiwa kwenye mfuko wa rambo kiti cha abiria, kumwonyesha fundi wa pili. Kranki ambayo ingechongwa saizi moja zaidi ilifika pale haichongeki tena.